Kipande cha Chini ya Kitanda

Mlango wa kwanza ulipoinuliwa na kuingizwa kwenye fremu yake, panya mnene angeweza kupita chini yake bila kuinamisha kichwa. Waashi sita waliokuwa wakisawazisha sakafu waliacha kazi wakatazama. Msimamizi wa jengo alichuchumaa, akavuta futi yake ya chuma, akapima nafasi iliyobaki kati ya mlango na sakafu, kisha akainuka. Alikwenda kwenye milango mingine kumi na mitatu iliyoegemezwa ukutani, akapima mmoja, akapima wa pili, akapima wa tatu. Kila mara futi ilirudi kwenye kasha lake kwa mlio wa kuudhi.

"Mzee," alisema mwishowe, "hii milango ni ya zahanati au ya banda la kuku?"

Waashi wakacheka. Mwashi akipata nafasi ya kucheka kosa la seremala hucheka kwa moyo wote, kwa sababu siku nyingi seremala ndiye anayekuja kumwambia kwamba ukuta wake umepinda.

Seremala mwenyewe alisimama akikanyagakanyaga takataka za mbao zisizokuwepo. Watu walimwita Fundi Fimbo, kwa ajili ya fimbo ya kupimia aliyoachiwa na baba yake. Ilikuwa nene kama mpini wa jembe, na baba yake alikuwa ameizungushia kila ncha duara jeusi lililochomwa kwa waya wa moto, na kati ya ncha hizo akatia alama za vipimo vifupi. Fimbo mbili ndio urefu wa mlango. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyomfundisha binti yake aliyesimama pembeni, vumbi la mbao kwenye nyusi. Binti huyo alikuwa na jina zuri la kuzaliwa, lakini tangu aanze kushika randa na kuulainisha ubao mpaka nzi akateleza, hakuna aliyemwita kwa jina hilo tena. Aliitwa Randa.

"Nani aliyepima?" msimamizi aliuliza.

Fundi alimtazama msimamizi, akawatazama waashi, akamtazama dereva wa lori la mchanga aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake, mlango wazi, miguu ikining'inia nje. Watu wanane, na wote walikuwa wakingoja jibu. Mdomo ukamtangulia.

"Binti ndiye aliyepima."

Na hakusema uongo. Ni kweli Randa ndiye aliyelaza fimbo juu ya mbao na kupiga alama, kisha baba yake akakata. Watu wengi wenye heshima zao hawasemi uongo kabisa. Huuchukua ukweli mmoja mdogo wakautuma kazi ya uongo, halafu wakalala usingizi mzuri.

"Mwanamke na msumeno, wapi na wapi!" alisema dereva wa mchanga, na waashi wakacheka mara ya pili.

Msimamizi hakucheka. "Nilisema madirisha ya jengo la pili nitampa huyu ayatengeneze kwa jina lake mwenyewe," alisema. "Nimefuta. Asiguse tena kitu kwenye jengo langu. Na wewe, Mzee, leo Jumatatu, na Jumamosi wagonjwa wanahamia hapa. Ijumaa asubuhi nione milango inayofunga. La sivyo, nitaleta ya kiwandani."

Randa alipangusa vumbi kwenye nyusi. Hakumtazama msimamizi wala dereva. Alimtazama baba yake, na baba yake akainama kuokota kamba ya kufungia milango.

Waliirudisha milango kwa mkokoteni, safari mbili, Randa akivuta na baba akisukuma. Asubuhi ileile walikuwa wamepita mtaa huohuo watu wakiwapigia vigelegele, maana zahanati ilikuwa imengojewa miaka mingi.

"Mbona mnarudi nayo?" aliuliza mshona viatu wa kwenye kona.

"Tunakwenda kuongeza nakshi," alijibu fundi.

"Nakshi kwenye mlango wa chumba cha kuchomea sindano?"

Fundi akasukuma kwa nguvu zaidi.

---

Mke wa fundi alikuwa uani akipaka vanishi kiti cha mteja aliposikia magurudumu. Ile milango alikuwa ameipaka yeye, mikono yake bado ilikuwa na rangi yake mpaka kwenye viwiko. Alisimama na brashi mkononi.

"Wamekataa?"

"Ni mifupi," fundi alisema. "Mwanao hakuwa makini na alama."

Asubuhi alikuwa "binti yangu fundi." Sasa amekuwa "mwanao." Mke alilisikia hilo, akaliweka moyoni.

Randa alifungua kamba, akashusha mlango wa mwisho, ndipo akasema. Alikuwa msichana wa maneno machache, lakini hayo machache alikuwa ameyavuta pamoja na mkokoteni njia nzima.

"Baba, kama ningepima ovyo, mlango mmoja ungepungua sana na mwingine ungezidi. Mzembe hawezi kukosea sawasawa mara kumi na nne. Halafu tazama upana. Upana niliupima kwa fimbo hiyohiyo, kutoka ncha ya juu mpaka kwenye alama ya kati. Upana wote uko sawa. Urefu tu ndio umepungua, na wote kwa sentimita nne. Fimbo mbili ndio mlango, basi fimbo moja imepungua sentimita mbili. Ilete tuiwekee futi."

"Fimbo ya marehemu baba yangu uiwekee futi?" Fundi aliishika kifuani. "Futi inajikunja kama mnyoo! Fimbo hii imepima milango ya mji huu kabla hujazaliwa."

"Basi haitaogopa kupimwa."

"Unamjibu nani hivyo?"

"Nakujibu wewe, Baba. Kule nilinyamaza."

Fundi aliingia nayo chumbani, akailaza juu ya kabati kama mgonjwa anayehitaji utulivu, akafunga mlango. Randa alivua aproni yake, akaitundika kwenye msumari.

"Msimamizi amesema nisiguse kitu," alimwambia mama yake. "Sitagusa. Miaka mitano nimejifunza kazi hii, na mji mzima sasa unajua jambo moja tu juu yangu, kwamba sijui kupima."

"Utaliacha hivyo?"

"Nitafanyaje, Mama? Nikisema si mimi, nitakuwa nimesema ni yeye."

Mama alikigeukia kiti chake. Alichovya brashi tena kwenye vanishi, akagundua kwamba mguu huo wa kiti alikuwa ameshaupaka.

---

Kesho yake asubuhi mke wa fundi alifagia chumba cha mama mkwe wake, kama kila siku, ila siku hiyo ufagio ulikuwa na hasira. Ulipita chini ya kitanda mpaka pembeni kabisa, ukagonga kitu, kitu kikaruka. Kitanda kikainama upande mmoja.

"We mkwe!" Bibi alipiga kelele akishikilia godoro. "Umetoa nini huko? Kitanda kinacheza ngoma na mimi sijaalikwa!"

Mke alipiga magoti akakitafuta. Kilikuwa kipande cha mbao cha mviringo, unene wa kidole, kikiwa na duara jeusi la moto pembeni yake. Alikigeuza, akakigeuza tena.

"Mama, hiki kimetoka wapi?"

"Aliniwekea mwanangu mvua zilizopita, kitanda kilipokuwa kinayumba. Ncha ya fimbo ya marehemu ilipasuka ikawa inamchoma kiganja, akaikata. Akaniambia, tazama Mama, nyumba ya seremala hakitupwi kitu."

"Na jana wakati wote tunagombana hapo uani, ulikuwa unasikia?"

"Nina macho mabovu, masikio ni mazima."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Katika nyumba hii mimi huulizwa kama nimekunywa dawa, basi." Bibi alijisogeza upande wa kitanda uliokuwa juu. Kisha jambo lenyewe likamwingia polepole, akashika kidevu. "Ina maana milango... Loo! Kumbe miezi mitano nimelalia kosa la mwanangu. Ndiyo maana mgongo hauponi."

Mke alitafuta kipande cha tofali akakiweka mahali pa kile cha mbao. Bibi alijaribu kitanda, kikatulia.

"Nyani haoni kundule," alisema Bibi. "Lakini usimpigie kelele. Huyo ukimpigia kelele anakuwa kama baba yake, anakwenda kuchonga kijiko siku nzima."

---

Hakumpigia kelele. Alimwandalia chai, na kando ya kikombe akaweka kile kipande.

Fundi alikaa, akanyoosha mkono kuchukua sukari, mkono ukasimama njiani. Aliinuka akaenda chumbani, akarudi na fimbo, akakiweka kipande kwenye ncha yake isiyo na duara. Mistari ya mbao ilikutana yote, hata ule ufa uliendelea kutoka huku mpaka kule. Hakuna seremala angeweza kubisha.

Tangu aikate, hakupata kazi ya mlango mpya. Alitengeneza viti, stuli na rafu, na vipimo vyake vyote huanzia ncha ya juu na kuishia kwenye alama za kati. Milango ya zahanati ilikuwa ya kwanza kuhitaji fimbo nzima. Na dakika ile ya kuikata hakufikiri juu ya kipimo hata kidogo. Alifikiri juu ya kiganja chake na kitanda cha mama yake. Akaona haya mpaka masikio yakamwasha.

"Nilisahau," alisema.

"Najua."

"Milango tutairekebisha. Ikishafunga vizuri, maneno yataisha. Ya nini kuyafufua? Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayazoleki," mkewe alisema, "lakini sakafu hupigwa deki. Jana ulimtaja mwanao mbele ya watu wangapi?"

"Mimi nilisema tu ndiye aliyepi..."

"Wangapi, Baba Randa?"

Fundi alihesabu kwa vidole. "Msimamizi. Waashi sita. Na yule dereva wa mchanga."

"Basi haohao wakusikie tena."

"Watu husahau, mke wangu."

"Husahau aliyesema. Aliyesemwa hawamsahau." Alisogeza kikombe karibu naye. "Kunywa, inapoa. Mimi sikuolewa na fimbo. Niliolewa na mtu, na nataka nimwone Ijumaa."

Fundi hakunywa. Alitoka na fimbo mkono mmoja, kipande mkono wa pili, akamkuta Randa nyuma ya nyumba akifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Alisimama mbele yake bila kujua aanze na mkono upi. Mwisho akavionyesha vyote viwili.

Randa alitazama. Povu lilikuwa likimchuruzika kwenye viwiko.

"Sentimita mbili," alisema.

"Sentimita mbili. Nisamehe, mwanangu. Nilikuponda pale, na wewe ulikuwa umepima sawasawa."

Angeweza kusema mengi, na yote yangekuwa haki yake. Machozi yalimjia, akayafuta kwa bega.

"Nimekusamehe, Baba, kwa moyo mmoja. Lakini msamaha wa uani hauvuki ukuta. Kule jengoni mimi bado ni yuleyule asiyejua kupima."

"Nitakwenda kusema."

"Utasema?"

"Nimeshakuambia."

"Ukienda leo mikono mitupu watasema unanitetea kwa sababu mimi ni mwanao." Alikamua shati, akalitundika. "Kwanza milango. Tuirudishe ikiwa mizuri kuliko ilivyokwenda, ndipo useme."

---

Shida ilikuwa mbao. Kila mlango ulihitaji kuongezwa kipande chini, cha mti uleule, mkavu vilevile, ama sivyo kingejikunja mvua ya kwanza. Ghalani hakikubaki hata kipande cha kiberiti. Randa alizunguka nyumba na futi mkononi, akasimama mbele ya meza yao kubwa ya kulia, akaipima, akamtazama mama yake.

"Hata usiniulize," mama alisema. "Beba."

Meza ile fundi aliitengeneza alipooa. Aliikata mwenyewe, na msumeno ulipopita katikati alifumba macho, jambo ambalo seremala hatakiwi kufanya.

Kuanzia siku hiyo walikula wakiwa wameweka sahani magotini. Bibi alilalamika kila mlo. "Nimezeeka niwe na adabu za mezani, mnanirudisha utotoni," alisema, huku akiomba aongezewe.

Randa ndiye aliyepanga kazi. Hakutaka kipande cha kupigiliwa misumari kama kiraka cha suruali. Alichimba mfereji kwenye ukingo wa chini wa kila mlango, akachonga ulimi kwenye kila kipande, viingiane, vishikwe kwa gundi na skurubu. Halafu akasema sehemu yote ya chini ifunikwe kwa bati upande wa nje. "Zahanati ina vitanda vya magurudumu. Manesi watasukuma milango kwa miguu mikono ikiwa imebeba. Bila bati, mwaka haufiki imechubuka."

"Kwenye mchoro hakuna bati," fundi alisema.

"Kwenye mchoro hakuna miguu ya manesi pia."

Na kwa kila mlango, kabla ya kugusa msumeno, Randa aliweka futi, akapiga alama ya urefu unaotakiwa, akausoma kwa sauti, na baba yake akarudia.

"Mbili na sentimita kumi."

"Mbili na sentimita kumi."

Mteja mmoja alifika kufuata stuli yake, akawakuta hivyo, Fundi Fimbo mzima akiitikia vipimo vya binti yake kama mtoto wa darasa la kwanza. Akatabasamu. Fundi aliliona lile tabasamu na likamuuma. Akarudia kipimo kilichofuata kwa sauti ya juu zaidi. Hasira yake alikuwa ameamua kuitia kwenye kazi, na ikawa nguvu. Alhamisi alasiri walikaza skurubu ya mwisho, na mkewe akachanganya vanishi mara tatu mpaka kiungo kikapotea, mtu asiweze kuonyesha mlango wa zamani unaishia wapi na meza ya kulia inaanzia wapi.

---

Ijumaa asubuhi Randa alisimama nje ya geti la jengo, kwa sababu alikatazwa kugusa kitu na hakutaka mtu aseme ameingia kwa mlango wa nyuma. Fundi na waashi wawili waliingiza milango. Mmoja baada ya mwingine iliingia kwenye fremu zake, ikafunga, ikafunguka. Msimamizi alipima chini, akapima pembeni, akagonga bati kwa kiatu.

"Bati nani kakwambia?"

"Ni la miguu ya manesi."

"Hmm." Msimamizi alifunga futi yake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akatabasamu. "Unaona sasa, Mzee? Kazi ukiishika mwenyewe inanyooka. Watoto wa siku hizi ukiwaachia, ndiyo yale ya juzi. Yamekwisha, tusahau."

Hapo kunyamaza kulikuwa kwepesi sana. Msimamizi mwenyewe amesema yamekwisha. Waashi walikuwa wameanza kugeuka kurudi kwenye sakafu yao. Fundi angeitikia tu kwa kichwa, na heshima yake ya miaka thelathini ingerudi nyumbani nzima, naye amekaa juu yake kama kwenye kiti. Aliwaza hayo yote, tusimfanye malaika. Kisha akaingiza mkono mfukoni.

"Ngojeni," alisema. "Nyote. Milango hii imepimwa na yuleyule aliyepima ile ya kwanza."

Tabasamu la msimamizi likafifia. "Nilisema nini juu ya yule msichana?"

"Aliyekosea ni mimi." Alitoa kipande, akakiweka kwenye ncha ya fimbo, akaiinua wote waone. "Hii ncha niliikata kwa mkono wangu mvua zilizopita, nikasahau. Binti alipima barabara kwa kipimo kibovu nilichompa mimi. Na uliponiuliza nani aliyepima, nikamtaja yeye kwa sababu alikuwa karibu, na mimi nilikuwa naona haya. Hilo la bati ni lake. Huo ulimi na mfereji ni kazi yake. Mimi nimekata nilipoambiwa kata."

Mwashi mmoja, mtu mzima, alijikuna shingo.

"Mzee, si ungenyamaza tu? Tusingejua."

"Ndiyo maana nimesema."

Msimamizi aliufungua mlango uliokuwa karibu, akaufunga tena bila sababu. Naye alikuwa na lake: ni yeye aliyefuta jina la mtu kwa neno moja la kusikia, na hakupenda kukumbushwa. Alikwenda mpaka getini.

"Wewe," alimwambia Randa. "Futi unayo?"

"Ninayo."

"Jumatatu uje upime madirisha ya jengo la pili. Peke yako." Akageuka, kisha akaongeza bila kumtazama, "Fimbo ibaki nyumbani."

Randa aliingia. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa kwanza, ule wa panya, akauegemezea kiganja chake, akausukuma taratibu. Ulifunga. Alikaa ameushika hivyo, na mabega yake, ambayo tangu Jumatatu yalikuwa yamepanda karibu na masikio, yakashuka.

"Twende nyumbani, Baba. Mama anangoja."

"Tangulia wewe." Fundi alimgeukia mwashi. "Dereva wa mchanga huja saa ngapi?"

"Leo? Labda alasiri."

"Nitamngoja."

"Baba, yule hata hakumbuki," Randa alisema.

"Nilisema mbele yake pia."

Alikaa juu ya tofali kivulini mwa ukuta, fimbo magotini. Randa alimtazama, akavuta tofali la pili, akakaa kando yake. Saa sita ilipita, saa nane ikapita, waashi wakala, wakawagawia maji. Saa tisa lori likaingia likitimua vumbi. Fundi aliinuka, magoti yakalia, akaenda mpaka kwenye mlango wa dereva.

"Jumatatu nilisema jambo hapa juu ya binti yangu," alisema. "Nimekuja kulirudisha."

Dereva alikunja uso, akamtazama mzee, akamtazama msichana nyuma yake. "Jumatatu? Mzee wangu, mimi nimebeba mchanga safari ishirini tangu Jumatatu. Jambo gani? Wala sikumbuki."

Lingekuwa jambo jepesi kumwacha hapo. Fundi aliushika mlango wa lori kwa mkono mmoja.

"Basi zima injini," alisema, "nikukumbushe."

Akaanza tangu mwanzo, hakuruka hata lile la banda la kuku.